Bibi Karudi, Baba Kapata Meno

11 Februari

Kaka yangu,

Nakuomba radhi kabla hata ya salamu. Nimekaa kimya mpaka najua umefikiri nimekununia. Sijakununia. Simu yako inaita hadi inachoka yenyewe, na ulishasema simu inakukatiza kazi, basi nikaamua nitaandika. Lakini kila nikishika kalamu, huyu analia, yule kamwaga uji, na alfajiri natakiwa kiwandani kufunga mikate. Nimejifungua, kaka. Wa kike. Mkono mmoja umembeba, mmoja ndio huu unaoandika, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Sisi wazima. Shemeji yako bado anachomelea mageti, macho mekundu kama kawaida yake. Mpwa wako Kibonge ametimiza miaka mitatu, anaongea kama redio isiyozimwa, na chumbani kwetu amehama kabisa. Analala kwa babu yake, kitanda kimoja, mguu juu ya tumbo la mzee. Baba anashona viatu palepale kibarazani. Meno unajua yalimwisha yote mwaka juzi, sasa misumari ya viatu anaibana kwa midomo, na ukimsalimu anakuitikia kwa pua.

Siku ile ulipohutubia huko ughaibuni kwenye makabidhiano ya kinyago chetu, tulikusikia redioni. Baba akaweka nyundo chini, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyu ni mwanangu au ni mtangazaji?" Lakini alikuwa anafuta macho.

Bibi amefika. Maofisa wawili walimleta na mpiga picha, wakanywa soda zetu, wakaondoka. Sanduku zuri, ndani kuna sponji iliyokatwa kwa umbo la uso wake, paji pana, pua ndefu, hata kidevu. Na pembeni glavu za mpira, nyingi. Kibonge amezipuliza kama maputo. Zilizobaki nafulia nepi, asante kwa kukumbuka.

Baba alimtoa mwenyewe. Hakumtazama usoni, alimgeuza. Akaingiza vidole kutafuta kile kijiti cha ndani, kile kilichofungwa ngozi, ambacho mvaaji anakiuma kwa meno kwa kuwa Bibi hana kamba, na ndiyo maana Bibi akitoka huwa hasemi. Wewe unayajua haya kuliko mimi. Wewe ulifundishwa, mimi nilichungulia dirishani. Alama za meno ya babu zetu bado zipo pale. Baba akaweka kidole kwenye kila alama.

Sasa anataka kumaliza matanga ya Mama. Miaka sita, kaka, na kwake bado ni msiba, kwa sababu Bibi alikuwa huko kwenye kioo, hakuja kusimama mlangoni na kumruhusu Mama aende. Mimi nilifikiri ameshasahau. Kumbe alikuwa anangoja tu.

Ile pesa uliyotuma, ukasema anunue kile roho inachopenda, ameshaitumia. Ameniziba mdomo nisikwambie kwa kitu gani, anataka uje uone mwenyewe. Basi nimenyamaza. Wewe ndiye mvaaji anayefuata, na anayefuata hutembea mbele ya Bibi kumsafishia njia. Utakuja?

Ni mimi mdogo wako.


9 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Hongera sana kwa binti. Mbusu kwenye paji la uso, na Kibonge mwambie mjomba anamletea rangi za maji. Msalimie shemeji, mwambie avae miwani ya kazi. Barua yako niliipata zamani kidogo. Nimebanwa na maonyesho, sipati usingizi wa maana, nakula nimesimama.

Nikusimulie kitu utacheka. Kwenye makumbusho, Bibi alikuwa kwenye kabati la kioo, na ukutani pembeni yake kuna picha ya mchoraji wao mkubwa wa zamani. Ni uso wa mwanamke: paji pana, pua ndefu, macho mawili kama mikato ya kisu. Ni Bibi mtupu! Mchoraji huyo alikuja kumtazama pale ujanani mwake, akaenda nyumbani akachora, wakasema amevumbua uchoraji mpya. Chini ya picha wameandika jina lake lote, alikozaliwa na alikofia. Chini ya Bibi wameandika: "Mchongaji hajulikani." Sasa mimi nachora Bibi, Bibi wetu, niliyemwona ndani na nje, na gazeti moja limeandika kwamba nina kipaji ila namwiga sana yule mchoraji wao. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu sikucheka tena.

Hata hivyo picha zinanunuliwa.

Kuhusu Bibi. Msimwache mikononi mwa watoto. Mtundikeni ukutani, juu, mahali mkono haufiki, na baada ya hapo asiguswe. Baba mwambie asijisumbue kumvaa. Umri wake ni mkubwa, Bibi ni mzito, na zaidi ya yote hana meno, atamuuma kwa fizi? Dunia imebadilika. Bibi siku hizi ni wa kutazamwa. Mama alikuwa mtu mwelewa, ameshapumzika.

Mkishamtundika, shemeji atupigie picha nzuri: Baba amesimama chini yake, avae lile koti la kijivu. Naihitaji kwa kitabu cha maonyesho.

Kuja, kwa sasa sitaweza.

Kaka yako.


20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilifika nikiwa kazini, Baba akakaa nayo mfukoni mpaka nikarudi. Nikamsomea kibarazani huku namnyonyesha mtoto.

"Soma tena hapo pa meno," akasema.

Nikasoma. Akacheka, kaka, akacheka mpaka meno yenyewe yakataka kumtoka. Maana anayo. Hiyo ndiyo siri. Pesa yako aliipeleka yote kwa fundi wa meno, akawekewa ya bandia, juu na chini, meupe kama ya bwana harusi. Yote hayo ili aweze kumuuma Bibi. Alitaka ushuke kwenye gari umkute amesimama anakuchekea.

Nilipofika pale pa kutazamwa, kicheko kikakatika. "Wa kutazamwa? Kwani Bibi ni kalenda?" Akaniambia nikunje barua. Kisha akamwita Kibonge. "Njoo wewe. Mjomba wako ametushinda. Mvaaji anayefuata ni wewe." Akamgeuza Bibi, akampa kijiti akiume. Mtoto akakinyonya kama pipi, na sisi wote tukacheka.

Tangu siku hiyo wakawa wanafanya mazoezi wawili. Baba alikuwa ameshaanza zamani, toka meno yalipokuja, kwa sababu yalikuwa yanateleza. Akifunga kazi anamuuma Bibi, anatembea toka kitandani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka kitandani. Anapompumzisha, Kibonge anachukua zamu. Bibi mwenyewe walimlaza kwenye mto wao.

Na alimvaa, kaka. Jumamosi, wiki mbili zilizopita. Alitoka chumbani mchana kweupe, akavuka uani, watu wamejaa mpaka barabarani. Kibonge alitembea mbele yake na ufagio, ndiye aliyesafisha njia badala yako. Bibi akasimama mlangoni kwa Mama. Alisimama muda mrefu sana, hatikisiki, mate yanamtiririka Baba shingoni. Mimi nililia nikasikia kitu kimeachia hapa kifuani. Usiku huo Baba akasema, "Mama yenu ameenda." Basi. Akala vizuri.

Ila tangu Jumatatu anatapika. Tumbo linamwendesha, miguu anasema inawaka kama amekanyaga makaa, na hawezi kuvumilia hata shuka ikimgusa. Zahanati wamesema vidonda vya tumbo, mara wakasema taifodi. Viganja vimekuwa vigumu na vyeusi vyeusi. Nikafikiri ni gundi ya viatu. Na Kibonge naye anaharisha, amekuwa mnyonge, redio imezimika.

Kaka, nimeisoma tena barua yako peke yangu. Uliandika asishikwe na watoto. Uliandika asiguswe. Umri nimeuelewa, uzito nimeuelewa. Kutoguswa ndiko sijakuelewa. Kwa nini asiguswe?

Nijibu hilo tu. Mengine yatasubiri.

Mdogo wako.


11 Juni

Kaka,

Baba amelazwa. Kibonge amelazwa wodi nyingine, na mimi nakimbia ngazi kati yao na mtoto mgongoni. Kiwandani wamenipa likizo bila mshahara.

Daktari ni kijana, ana adabu. Ametazama kucha za Baba, zina mistari myeupe iliyokata kwa upana. Akaniuliza, "Mama, nyumbani kuna sumu ya panya? Kuna mtu anayemchukia mzee?" Nilitaka kumzaba kibao.

Namba yako sasa haiiti kabisa. Nimetuma ujumbe kwa yule rafiki yako mwenye duka la fremu, akasema umesafiri na picha zako. Barua hii naituma kwake akukabidhi mkononi.

Kwa nini asiguswe?


12 Julai

Mdogo wangu,

Sijui nianze wapi, basi naanza katikati.

Zamani makumbusho ya huku yalikuwa yanapaka sumu vitu vya mti na ngozi na manyoya visiliwe na wadudu. Sumu yenyewe ni aseniki. Haina harufu na haitoki. Bibi hakupakwa tu, walimchovya. Kile kijiti na ngozi yake ndivyo vilivyokunywa sumu zaidi. Mama mmoja anayetunza vitu pale aliniambia siku ya kwanza niliyokwenda kumchora. Akanipa glavu, akasimama nyuma yangu kuhakikisha nimezivaa.

Kabla ya makabidhiano waliniita ofisini. Wakaniuliza, "Huko kwenu atavaliwa?" Nikasema hapana, siku hizi havaliwi. Ningesema ndiyo, wangembakiza miaka mingine mitatu wajaribu kumsafisha, na siku ya makabidhiano ilikuwa imefungwa pamoja na ufunguzi wa maonyesho yangu. Kadi zilikuwa zimeshatumwa. Na mimi nilimfikiria Baba na fizi zake. Nilijiambia, bila meno hakuna kumvaa, kwa hiyo sijasema uongo. Aprili nilipokuandikia nilitaka kusema, nikaona nitawatia hofu bure, mtamrudisha, na Baba atakufa kwa aibu.

Ungeniambia habari ya meno. Neno moja tu, kwamba ana meno, ningepanda ndege siku ileile.

Nakuomba hili libaki baina yetu. Si kwa ajili yangu. Kuna vinyago vingine vinne vya koo nyingine vinangoja kurudishwa, mimi ndiye ninayevisemea. Likijulikana hili, watapata kisingizio cha kuvifungia milele. Fikiria na hao.

Makumbusho wamenunua picha yangu kubwa, ile ya Bibi kwa ndani, kijiti na alama za meno. Wameitundika palepale lilipokuwa kabati lake. Nakwambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, na sikuona raha hata kidogo.

Baba anaendeleaje? Usimwambie. Mwambie nakuja.

Kaka yako.


19 Agosti

Kaka yangu,

Barua yako imefika. Nimechelewa kuijibu kwa makusudi. Nilihofia kalamu yangu. Sasa nimetulia. Mtoto wa kike anakua, ana meno mawili chini. Shemeji yako mzima. Salamu zimeisha.

Baba tumemzika mwisho wa Juni. Ulipokuwa unaandika "mwambie nakuja," kaburi lilikuwa limeshaota majani.

Nitakusimulia mara moja, usiniulize tena. Siku ya mwisho alivua yale meno, akayafunga kwenye leso, akanipa. "Yarudishe kwa fundi," akasema. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Bibi hakuyapenda. Nilimuuma kwa meno ya dukani, amekasirika, na mtoto naye amemchukua." Nikamwambia, Baba, acha hayo. Hakuacha. Alimwomba msamaha Bibi tangu adhuhuri mpaka pumzi ilipokata, kwa midomo imekunjamana, maneno hayasikiki vizuri. Amekufa anaomba radhi kwa kipande cha mti, kwa kosa ambalo hakulifanya. Kama barua yako ingefika kabla, angekufa anakulaumu wewe, na hiyo kwake ingekuwa nafuu. Nilitafuta mahali pa kukuhurumia katika hilo nikakosa.

Unasema ningekuambia habari ya meno. Ni kweli. Nililala na hilo siku nyingi, nikaamka nalo, nimelikubali, nitalibeba. Lakini mimi nilificha zawadi, kaka. Usiyaweke hayo mawili kwenye sahani moja.

Na hilo la kubaki baina yetu, halikubaki. Nilimpa daktari barua yako aisome mwenyewe, akakaa chini. Nimemwambia mume wangu. Nimewaambia wazee wa ukoo, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, mtoto mgongoni. Na hao wenye vinyago vinne unaowasemea, nimemwomba mwalimu wa hapa mtaani anisaidie kuwaandikia, wajue cha kuuliza kabla hawajafungua sanduku. Kama watu wa huko watapata kisingizio, wapate. Afadhali kinyago kikae kwenye kioo kuliko mama mwingine alale ninapolala mimi sasa, chini ya kitanda cha wodi.

Wazee waliuliza tumchome Bibi. Daktari akakataza, moshi wake ni sumu pia. Kumzika akakataza, kisima kipo karibu. Shemeji yako akamtengenezea sanduku la chuma, akamweka ndani, akalichomelea pande zote nne. Limekaa nyuma ya nyumba, na watu wanazunguka mbali.

Kwa hiyo matanga ya Baba hayana mwisho. Jamaa wamekaa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, wanatazamana, hawajui waage au wabaki, kwa sababu hakuna wa kuja kusimama mlangoni. Wakaondoka mmoja mmoja, bila kuaga, kama wezi. Alimngoja Bibi miaka sita kwa ajili ya Mama. Yeye mwenyewe hana wa kumngoja.

Kibonge hatembei. Nywele zimetoka kwa mafungu, na miguu ukiigusa anapiga ukelele mpaka wodi nzima inageuka. Daktari anasema ataishi ikiwa dawa itapatikana mapema, miguu hajui. Mara mojamoja anauliza, "Mjomba analeta rangi?" Namwambia ndiyo. Sijakuharibia kwake. Nimekuachia hilo ulitengeneze au uliharibu mwenyewe.

Usije. Si kwa hasira nasema, nimelipima. Ukija utalia, na mimi sina mkono wa kumbembeleza mtu mwingine. Na usiache kula, najua ukiwa na mawazo huli.

Ninavyohitaji vitumwe ni hivi, na naomba usiongeze kitu wala kupunguza.

Dawa ya kutoa sumu mwilini, jina lake daktari ameliandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa. Hapa haipatikani. Ya Kibonge iwe dozi kamili, siyo nusu kwanza nusu baadaye. Kisha nyingine ya mtu mzima, yangu, kwa sababu nilikuwa nafua shuka za Baba, na majibu ya damu yangu hayakuwa mazuri.

Barua ya makumbusho yenye muhuri, iseme walimchovya nini na mara ngapi, na kama waliweka zebaki pia. Daktari anasema mara nyingi huweka vyote viwili, na asipojua atakuwa anatibu gizani. Iandikwe na yule mama wa glavu, siyo na wewe.

Michoro yako yote ya Bibi, ya mbele, ya ubavu na ya ndani, yenye vipimo. Iwe yenyewe, siyo nakala. Wazee wamempata seremala, atachonga mwingine kwa ajili ya Baba. Na ile kubwa waliyoinunua, kawaombe wairudishe, ndiyo pekee inayoonyesha jinsi kijiti kinavyokaa. Atakayemvaa tutamtafuta sisi.

Maziwa ya kopo, ya mtoto chini ya mwaka mmoja, ya kutosha mpaka atakapoanza kula sawasawa. Hayo yatume kwanza, kabla ya vyote, kwa njia ya haraka kuliko zote. Tangu majibu yatoke nimekatazwa kumnyonyesha, na yeye hajaambiwa. Kila nikimbeba bado anakigeukia kifua.